Mkwe Aliyeingia Kinyumenyume

Ninyi vijana mnaokwenda kuanza kazi ya kutembelea nyumba za waumini, kabla hamjanunua viatu vipya nisikilizeni kidogo. Kazi hiyo nimeifanya tangu nilipokuwa bibi harusi hapa Mvara, Arua, mpaka magoti yangu yalipokataa kupanda boda. Kuieleza ni rahisi. Kanisa linakutuma nyumbani kwa watu, unakaa nao, unawafundisha kusali pamoja kama familia, unasikiliza baba anavyosema na watoto na mama anavyomjibu baba, halafu unarudi kwako. Hakuna mimbari, hakuna kipaza sauti, na nyumba nyingine hakuna hata kiti.

Siku hizi naambiwa mnatumiana sala kwa simu. Sina ugomvi na simu. Mimi mwenyewe nimo katika kundi la WhatsApp la akina mama, na huwa nasinzia katikati ya sala za wenzangu bila wao kujua. Lakini simu haina pua. Ukiingia nyumba ya mtu kwa miguu yako, pua inakuambia kama leo kumepikwa, kama mtoto mgonjwa amelala ndani, kama baba amepitia kwenye pombe ya kwete kabla ya kurudi. Yote hayo unayajua kabla hujasema "Bwana asifiwe".

Basi ukifika, usianze na Biblia. Anza na karanga. Mama wa nyumba atakuwa anabangua karanga au anachambua majani ya kunde. Vuta kigoda, nyosha mkono, fanya naye. Mtu ambaye mikono yake ina kazi husema maneno ambayo hawezi kuyasema akiwa amekaa kama yuko mbele ya jaji. Nimesikia mambo mazito sana ya dunia hii huku nimeinamia ungo, sijainua hata kope.

Na chakula kikiletwa, omba kwa ufupi. Enya, huu ugali wetu wa muhogo na mtama, haina subira na wahubiri. Nilipoanza nilikuwa naombea chakula, kisha mvua, kisha shule za watoto, kisha serikali, na nikifumbua macho enya imekuwa ngumu kama tofali na watoto wananitazama kwa chuki. Marehemu mume wangu, mtu mpole, aliniambia siku moja, "Mama Ayikoru, Mungu ana masikio mazuri. Huhitaji kumrudia." Alikuwa na haki ya kusema, maana mimi nilishinda nikifundisha nyumba za watu kula pamoja, na yeye alikuwa anakula peke yake na redio.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Drateru. Alikuwa mwanamke mpana, gomesi yake, lile gauni refu la mabega yaliyosimama, ameifunga juu kwa ajili ya kutembea, na alitembea mbele yangu kwenye njia za kijiji cha Ajia kwa kasi ambayo mimi, niliyekuwa kijana, niliifuata nikihema. Aliogopwa. Wanaume walikuwa wakiona gomesi yake inatokea mwisho wa shamba la mihogo, wanaficha mabuyu ya pombe. Mimi nilimpenda sana, na nikimkumbuka najisikia mdogo tena.

Siku moja huko Ajia tulifika kwa mjane mmoja aliyekuwa ameokoka karibuni. Tukamkuta binti yake amekuja kumtembelea pamoja na mumewe. Somo letu mwaka ule lilikuwa kwamba familia ya Kikristo inakula kwenye mkeka mmoja. Huku kwetu baba alikula na wavulana nje, mama na wasichana jikoni, na kanisa lilitaka tukusanyike. Somo zuri, sina neno. Lakini mnajua, na asiyejua leo ajue, kwamba kwetu mkwe wa kiume hatazamani uso na mama mkwe wake, wala hawali mahali pamoja. Watu wa mbali hudhani ni chuki. Ni heshima, tena heshima kubwa: huyu ndiye aliyemzaa mke wako, utamkodoleaje macho huku unatafuna?

Mama Drateru aliijua desturi hiyo kuliko mimi. Lakini siku ile moto wa somo ulikuwa umempanda kichwani. Alimketisha mjane mkekani, akamketisha binti, akatoka mlangoni akamwita yule mkwe, "Njoo ndani tuombe." Hakumwambia ndani yupo nani. Kijana wa watu akainama akapita mlango ule mfupi, akanyanyua macho, yakagongana na macho ya mama mkwe wake aliyekuwa ameshika tonge karibu na mdomo.

Jamani! Hakugeuka kutafuta mlango. Alipita kwenye ukuta wa matete kama vile haupo, na matete yakabaki yameachia nafasi ya mwili wake, mabega na yote. Mjane alijifunika kichwa kwa ungo, na unga uliokuwamo ukamshukia kichwani. Binti akaanza kulia. Mama Drateru alisimama katikati ya ile nyumba mikono ikiwa imenyoshwa tayari kwa sala, na hapakuwa na mtu wa kuombewa. Mimi nilitoka nje nikacheka mpaka tumbo likauma, nikarudi nimeweka sura ya kanisa.

Yule kijana hakukanyaga tena kwa wakwe zake mpaka mavuno yalipopita. Na hapa ndipo Mama Drateru aliponionyesha ukubwa wake. Alirudi Ajia, akapiga magoti mbele ya mjane, kisha akaenda mpaka kwa kijana akapiga magoti tena, yeye ambaye wanaume walimfichia mabuyu. Aliomba msamaha kwa maneno machache, hakujitetea hata kidogo. Tulipokuwa tunarudi vumbini alipunguza mwendo, akasema, "Binti yangu, leo nimeelewa kazi yetu. Kila nyumba utakayoingia, angalia ni nani ametoka kwa sababu yako."

Nililishika neno hilo kwa miaka yote. Nilikuwa nikiingia mahali, kabla ya kufungua mdomo natazama: nani ameinuka akaenda kwa ng'ombe? Nani amejificha jikoni? Mara nyingi mtu aliyetoka ndiye niliyetumwa kwake. Kule kijiji cha Ombaci kulikuwa na bibi mmoja ambaye mumewe na ndugu zake waliondolewa na vita vya zamani, mnajua wenyewe, familia nyingi za pale zina majina wanayoyataja kwa sauti ya chini. Bibi huyo aliandaa chakula, akaweka sahani moja ya ziada iliyo tupu, akaomba, "Bwana, bariki tuliopo, na hawa ambao hawakurudi kula." Nikamuuliza kama haumii kuiona sahani ile kila siku. Akasema inamuuma, ndiyo maana anaiweka. Nilishindwa kufundisha lolote siku ile. Nilibangua karanga zake, nikaenda zangu nikiwa kama mtu aliyevua viatu.

Sasa niwaambie ya Koboko, kwa sababu hiyo ndiyo nilikuwa naijia tangu mwanzo.

Binti yangu wa pekee anaitwa Ayikoru, jina ambalo kwa Kilugbara lina furaha ndani yake. Aliolewa Koboko na kijana wa Kikakwa, Lemi, fundi wa malori yanayokwenda na kutoka Sudani na Kongo. Katika jambo la wakwe, Wakakwa na sisi hatupishani sana. Tangu siku ya harusi nilimjua Lemi kwa sauti na kwa mgongo. Nikija kwao, yeye anapitia nyuma. Akija Mvara, mimi naingia jikoni. Tukitaka kuambiana kitu, tunapitia kwa mtu, na mtu huyo mara nyingi alikuwa jirani yao, Mama Zubeda, Mnubi, mjukuu wa askari wa zamani, fundi wa kusuka vifuniko vya chakula vya rangi rangi. Kwa kuwa Lemi ni Mkakwa, mimi ni Mlugbara na Zubeda ni Mnubi, lugha iliyotuunganisha ilikuwa Kiswahili chetu cha sokoni, kile ambacho watu wa pwani wakikisikia wanashika kichwa.

Ayikoru alijifungua mtoto wa kike kwa upasuaji. Kidonda kilipona vizuri, mtoto alikuwa mzima, ananyonya kama ndama. Lakini mama mtu aligeuza uso ukutani. Hakutaka kula. Hakumtaka mtoto, walimwekea kifuani, akanyonyesha huku anatazama matope ya ukuta. Zubeda ndiye aliyenipigia simu: "Mama Ayikoru, kuja. Hii mtoto yako iko hai, lakini yeye amekwenda."

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Muuguzi alikuja nyumbani akamwangalia, akatueleza kwa upole kwamba ni ugonjwa unaowapata baadhi ya wanawake baada ya kuzaa, ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, usichanganywe na uchawi wala uvivu. Akampa dawa. Akasema mambo mawili: ale, na asiachwe peke yake. Alipotoka mlangoni alinishika mkono akaongeza kwamba asipokula tutampoteza, na mtoto naye atafuata.

Hapo mimi nikajifunga kibwebwe. Nani angemzidi mama huyu kukaa na mgonjwa? Nilikuwa nimekaa na wagonjwa wa parokia nzima. Nikatandika mkeka wangu kando ya kitanda chake na sikutoka chumbani ila kwa haja. Niliomba asubuhi, niliomba mchana, nilimwimbia, nilimsomea, nilimpikia uji wa mtama kwa simsim, yaani ufuta, na uji ukapoa, nikapika mwingine. Kila siku mifupa ya mabega yake ilijitokeza zaidi. Niliogopa, wajukuu zangu. Sijawahi kuogopa namna ile. Niliwaombea watoto wa watu kwa sauti ya simba, na kwa mtoto wangu ilitoka ya kifaranga.

Na Lemi? Lemi alikuwa nje, chini ya dirisha, amekaa juu ya tairi kuukuu la lori. Aliacha kwenda gereji. Kila nilipomaliza sala nilisikia kutoka dirishani, "Amina." Nilipotoka kwenda chooni nilikohoa kwa nguvu ili ajifiche, naye akawahi kuingia kumwona mkewe, nikirudi nakohoa tena, naye anatoka mbio kupitia mlango wa nyuma. Niliona tunafanya vizuri. Heshima imetunzwa, mgonjwa analindwa, sala hazikauki.

Mchana mmoja Zubeda alileta uji aliopika yeye mwenyewe, akauweka. Nikamwomba Ayikoru anywe japo kijiko. Akageuka kutoka ukutani, mara ya kwanza tangu nilipofika, akanitazama. Aliniambia kwa Kilugbara, kwa sauti ndogo, "Mama, ukitoka wewe anaingia yeye. Akitoka yeye unaingia wewe. Nimekuwa kisima, watu mnakuja kwa zamu."

Nikamwambia, "Mwanangu, sisi tunakuombea."

"Nawasikia. Sala moja iko dirishani, nyingine iko kitandani. Umefundisha nyumba zote za Arua kusali pamoja. Mimi yangu iko wapi?" Akarudisha uso ukutani. "Sitakula kwenye nyumba ambayo haipo."

Nilihisi kama Mama Drateru amenishika bega. Angalia ni nani ametoka kwa sababu yako. Nilikuwa nimeingia nyumba ya binti yangu kwa mapenzi yote niliyo nayo, na aliyetoka alikuwa mumewe. Nikainuka nitoke nimwachie chumba. Ayikoru akanishika nguo, na mkono ule ulikuwa hauna uzito hata wa kuku.

"Usitoke," alisema. "Nawataka wote."

Sasa hebu fikirieni ilivyokuwa hapo. Mbele yangu mtoto wangu anakauka. Nyuma yangu desturi ya watu wangu na ya watu wa mkwe wangu, desturi ambayo niliona kwa macho ilivyompitisha mwanamume kwenye ukuta wa matete. Ningemwita Lemi aingie tutazamane, ningemvunjia heshima mbele ya ukoo wake, naye angekuwa mtu wa kusemwa Koboko nzima. Nisingemwita, ningezika. Nilikaa chini nikaomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kuomba, maana ilikuwa na neno moja tu, "Yesu."

Zubeda alikuwa bado amesimama mlangoni na kifuniko chake cha chakula. Kilugbara anakisikia vizuri. Akaenda dirishani. Mimi nilikuwa hatua chache kutoka hapo, Lemi alikuwa upande wa pili wa ukuta, kila mmoja wetu alisikia kila neno, lakini desturi ni desturi, lazima ujumbe ubebwe.

"Lemi, bibi yako anataka wewe ndani," alisema Zubeda. "Wewe na Mama. Pamoja."

Kisha sauti ya Lemi: "Ambia yeye Mama iko ndani."

"Yeye anajua Mama iko ndani. Hiyo ndiyo yeye anataka."

Nilisikia kitambaa chake cha gereji kikisuguliwa. Alikuwa anafuta mikono. "Mama Zubeda," akasema, "uliza Mama. Kama mimi hapana ona uso yake, na yeye hapana ona uso yangu, kosa iko wapi?"

Zubeda akanigeukia kuniuliza kana kwamba sikusikia. Nikamjibu, "Ambia yeye, mimi sioni kosa."

"Basi mimi nakuja na rivasi," akasema Lemi.

Nilidhani sikusikia sawasawa. Nikavuta shuka nikajifunika kichwa, nikageuka nikatazama pembe ya chumba. Na kwa mlango wa nyuma nikasikia miguu. Mkwe wangu alikuwa anaingia kinyumenyume, mgongo mbele, macho yake yakiwa nje uani. Hakuona anakokwenda. Zubeda akatupa kifuniko chake chini, akashika kazi ya taniboi, yule kijana anayesimama nyuma ya lori kumwelekeza dereva: "Kuja, kuja, kuja... kulia kidogo... kuna sufuria, simama! Sawa, kuja... polepole... kitanda iko hapo. Simama!"

Kutoka kitandani nikasikia sauti ambayo nilikuwa nimeisahau. Ayikoru alikuwa anacheka. Kicheko kidogo sana, cha puani, lakini nilikizaa mimi kicheko kile, nakijua. Nilikuwa chini ya shuka, machozi yakanitoka bila ruhusa.

Lemi aliketi sakafuni akaegemeza mgongo wake kitandani. Mimi nilikuwa upande wa pili, mgongo wangu nao kitandani. Binti yetu alikuwa katikati yetu, na mtoto juu yake. Nilisikia mkono wake ukipapasa, nikajua umefika kichwani kwa mumewe. Mkono mwingine ulinifikia mimi, juu ya shuka. Hapakuwa na mtu aliyeongoza. Mimi, mwalimu wa sala za nyumbani, niliushika ule mkono tu.

Lemi akaomba. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiomba kwa sauti, yeye ni mtu wa "Amina" tu. Alisema, "Mungu, mimi iko hapa. Mimi hapana jua kuomba mzuri. Hii mutu iko hapa juu ni yangu. Hii mama iko kule nyuma, yeye pia ni yangu. Hii mtoto ni yako kwanza. Sisi yote tuko ndani sasa. Usitoke wewe."

Zubeda alikuwa mlangoni, viganja vyake amevifungua juu kwa namna ya dini yake ya Kiislamu, akasema "Amin" yake ikakutana na yetu. Halafu pakawa kimya, na kimya kile, wajukuu zangu, sina namna ya kuwapa. Nimekaa makanisani tangu utoto. Nimesikia kwaya za Mvara wakati wa Pasaka zinazoinua nywele za mikono. Lakini hofu takatifu niliyoijua ni ya chumba kile cha Koboko kinachonuka dizeli na uji, ambamo hapakuwa na mtu aliyeweza kumtazama mwenzake, na sote tulijua kwamba tunatazamwa. Ningeweza kunyosha mkono nimguse Aliyekuwapo.

Kisha Lemi akauliza hewani, "Uji iko wapi?" Zubeda akampa bakuli. Akalipitisha juu ya bega lake bila kugeuka, kidogo likamwagikia shingoni, akaguna, na Ayikoru akalipokea. Nilisikia anakunywa. Nilihesabu kila funda kwa moyo mpaka nikaacha kuhesabu.

Sitawadanganya kwamba alipona siku ile. Ilichukua wiki nyingi, dawa aliendelea nazo, muuguzi alirudi na kurudi, na zilikuwepo siku ambazo uso ulielekea ukutani tena. Msiache kamwe kumpeleka mtu kwa daktari eti mna sala; Mungu yupo kote kuwili. Lakini kuanzia mchana ule alikula, na kila mchana Lemi aliingia na rivasi yake, tukaomba, tukala kwa kupeana sahani juu ya mabega. Baada ya siku chache Zubeda alitangaza kwamba amestaafu utaniboi kwa kuwa dereva amezoea barabara.

Habari zilisambaa, bila shaka. Baba mdogo wake Lemi alikuja na uso wa kesi. Mimi nilikuwa jikoni nikasikia yote.

"Ni kweli wewe unakula na mama mkwe?"

"Ni kweli."

"Wewe ameona uso yake?"

"Hapana."

"Yeye ameona yako?"

"Mgongo tu."

Mzee akaomba maji, akanywa. "Mgongo hapana kesi," akasema. Kisha akauliza kama chakula kimeiva, akaletewa akala.

Wapo wazee waliotuambia baadaye kwamba kuna njia ya kulimaliza jambo hili, mbuzi anachinjwa, baraka zinasemwa, halafu mkwe na mama mkwe wanaruhusiwa kutazamana. Lemi aliniuliza maoni kupitia kwa Zubeda. Nilimwambia kama anataka, mimi niko tayari. Akajibu kupitia kwa Zubeda kwamba yeye hana haraka. Nami nikagundua kwamba sina haraka pia.

Krismasi iliyopita walikuja Mvara. Magoti yalikuwa yamenilaza. Yule mtoto, sasa anakimbia na kusema maneno ya kutosha kuniudhi, alipewa sahani ya enya aniletee chumbani. Nikamwona anaingia mlangoni mgongo mbele, miguu midogo inapapasa sakafu, mchuzi unamwagika njia nzima. Kwa akili yake, hivyo ndivyo binadamu wanavyoingia mahali pa kusali. Nyuma yake akaja baba yake vilevile, na mama yake akija uso mbele, mnene, anacheka na kuwaelekeza wote wawili: kulia, kushoto, simama.

Basi nendeni. Chukueni hicho kidogo nilichowapa. Mimi uso wa mkwe wangu siujui vizuri mpaka leo. Nikikutana naye sokoni Arua huenda nikampita. Mgongo wake ndio naujua, ule niliousikia ukiegemea kitanda cha mwanangu. Zamani nilipokuwa nafundisha habari za Musa, kwamba aliomba kuuona utukufu wa Mungu, akanyimwa uso akaonyeshwa mgongo, nilikuwa namhurumia, nikidhani alipunjwa. Tangu Koboko simhurumii tena.